Mtunzi wa Kamusi Mbele ya Neno Dogo

Ustadi wa mtunzi wa kamusi haupimwi kwa maneno makubwa. Jina la ugonjwa, la mdudu au la chombo cha baharini lina ugumu wake, lakini kitu chenyewe kipo, na mwenye kazi anaweza kukitazama, au kumwuliza tabibu na nahodha, kisha akaandika fasili ya mstari mmoja na kuendelea mbele. Neno dogo halina kitu cha kutazamwa, kwa sababu kila mzungumzaji hulitumia tangu utotoni bila kulifikiria, na akiulizwa maana yake hubaki kutoa mifano tu. Neno la Kiingereza like, ambalo mwanafunzi wa Kiswahili huambiwa mapema kuwa maana yake ni "kama", ni miongoni mwa maneno hayo, na anayetaka kuelewa kwa nini utunzi wa kamusi unastahili kuhesabiwa kuwa sanaa hana mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapo.

Uamuzi wa kwanza huja kabla fasili yoyote haijaandikwa. Like ni kitenzi chenye maana ya kupenda, na pia ni neno la kufananisha. Je, viwe vidahizo viwili, yaani maneno mawili yenye nafasi mbili mbali mbali katika kamusi, au kimoja? Sikio la leo linasema viwili, lakini historia haikubali haraka hivyo. Katika Kiingereza cha kale lilikuwapo neno lic lililomaanisha mwili, na ambalo ndugu zake, Leiche la Kijerumani na lijk la Kiholanzi, humaanisha maiti hadi sasa. Gelic lilikuwa "mwenye mwili ule ule", yaani mwenye umbo moja na mwingine. Kutoka shina hilo hilo kilizaliwa kitenzi lician, kupendeza, kwa njia ya kufaa na kulingana, na kwa karne nyingi Mwingereza hakusema kwamba yeye anakipenda kitu bali kwamba kitu kinampendeza, mpaka mtendaji na mtendwa walipobadilishana viti. Mwili huo wa kale umejificha hata mahali pasipotarajiwa, katika kiambishi -ly kinachofunga maelfu ya vielezi vya Kiingereza, na katika maneno such na which, ambayo kila moja ni muungano wa neno jingine na lic. Mtunzi anayeyajua haya yote bado atatenganisha vidahizo, kwa kuwa msomaji anatafuta maana ya leo, lakini ataonyesha undugu wao katika etimolojia, sehemu inayoeleza asili ya neno.

Baada ya asili huja ushahidi, na hapa ndipo kazi hii inapodai heshima kubwa zaidi. Kamusi iliyokuja kujulikana kama Oxford English Dictionary ilikabidhiwa kwa James Murray mwaka 1879 kwa matumaini kwamba ingekamilika ndani ya miaka 10; miaka mitano baadaye sehemu ya kwanza iliyochapishwa ilikuwa imefika neno ant tu, na Murray alifariki mwaka 1915 kabla ya mwisho, uliofikiwa mwaka 1928. Chombo chake kikuu kilikuwa kijikaratasi. Msomaji wa kujitolea alisoma kitabu, na alipokutana na matumizi ya kuangaliwa aliandika neno lenyewe katika pembe ya juu kushoto, kisha mwaka, mwandishi, jina la kitabu na ukurasa, na chini yake akanakili sentensi nzima kama ilivyo. Vijikaratasi hivyo, vilivyofikia milioni kadhaa, viliwekwa katika vishubaka zaidi ya 1,000 ndani ya kibanda cha mabati alichokiita Scriptorium, kwanza Mill Hill na baadaye katika bustani ya nyumba yake Oxford. Kazi ya herufi L ilimwangukia mhariri mwenzake, Henry Bradley. Anayeshika rundo la namna hiyo la neno like hapewi maana na yeyote: husoma sentensi moja moja, huziweka zinazoelekeana pamoja, huona rundo moja likigawanyika mara mbili, huunganisha mengine mawili yaliyodhaniwa kuwa mbali, na ni baada ya hapo tu anapothubutu kuandika fasili. Maana haikuwapo mezani kabla ya kupanga. Imeonekana kwa kupanga.

Unyenyekevu huo mbele ya ushahidi hujaribiwa pale jamii inapotaka hukumu badala ya maelezo. Walimu wa Kiingereza wamefundisha kwa muda mrefu kwamba like ni kihusishi, neno linalotangulia nomino, na kwamba mbele ya sentensi yenye kitenzi chake ni lazima kutumia as. Mwaka 1954 tangazo la sigara za Winston nchini Marekani lilivunja kanuni hiyo hadharani, likaudhi wengi, na ilipotoka kamusi ya Webster's Third mwaka 1961 chini ya uhariri wa Philip Gove, kamusi iliyoyaeleza matumizi ya watu bila kuyakemea, magazeti makubwa yaliishambulia kana kwamba ndiyo iliyoiharibu lugha. Lakini vijikaratasi vilikuwa vimekwisha kutoa ushahidi wao: Charles Darwin mwenyewe aliitumia like kama kiunganishi katika barua katika karne ya 19, na waandishi wa Kiingereza walifanya hivyo karne nyingi kabla yake. Mtunzi anaweza kuongeza alama kwamba baadhi ya wasomaji hawayapendi matumizi fulani, na huo ni msaada wa kweli kwa anayeandika barua ya kuomba kazi. Asichoweza kufanya ni kudai kwamba matumizi hayo hayapo.

Vivyo hivyo kuhusu like inayotupwa katikati au mwishoni mwa usemi bila kuongeza maana ya wazi, ambayo wazee wengi huwalaumu vijana kwa kuizua. Frances Burney aliiweka katika kinywa cha mhusika wa riwaya yake Evelina, iliyochapishwa mwaka 1778. Kilicho kipya kweli ni matumizi ya be like kuyatanguliza maneno, au hata uso na ishara, ya mtu anayesimuliwa, ambayo wanaisimu wa Marekani walianza kuyaandikia mwaka 1982 na ambayo sasa yamesambaa kila Kiingereza kinapozungumzwa. Kutenganisha la kale na jipya namna hii, kwa mwaka na ukurasa, ni haki ambayo kamusi nzuri huwatendea wazee na vijana kwa pamoja.

Kwa watunzi wa kamusi za Kiingereza na Kiswahili, kuanzia zile za Frederick Johnson za 1939 hadi ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya 1996, mzigo huwa maradufu, maana kila upande una neno dogo lenye mashina yake. "Kama", lenye asili ya Kiarabu, hufananisha, lakini pia huweka sharti, hukadiria idadi katika "watu kama ishirini", na huleta taarifa katika "sijui kama amefika". Katika kukadiria linakutana na like, katika sharti na taarifa linaachana nalo kabisa. Kwa upande wa pili, like humpeleka mtunzi kwa "mithili ya", "kana kwamba", "-fanana" na "sawa na", kila moja kwa kiwango chake cha urasmi. Na kwa be like ya usimulizi, neno lililo karibu zaidi huenda likawa "eti", ingawa "eti" humweka msimulizi kando na maneno anayoyaripoti na kuyatilia shaka, wakati Kiingereza humwacha aigize bila kusema kama anaamini. Mtunzi makini ataliandika "eti", kisha ataongeza tahadhari hiyo, pamoja na sentensi mbili za mfano zinazoonyesha linapofaa na lisipofaa.