Mbwa Huyu, Si Mbwa Yeyote

Nyumba nyingi za Matasia, njia ya kutoka Ngong kwenda Kiserian, zina mbwa langoni. Kwa mpita njia wote ni walinzi tu. Mwenye nyumba anayeagiza picha ya kuchorwa kwa pasteli za mafuta na penseli za rangi anamtaka wake: yule mwenye sikio moja lililolala na doa la kahawia juu ya jicho. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, na ndiyo sababu naistahi.

Kazi huanzia kwenye picha za simu. Nyingi hupigwa mtu akiwa amesimama, kwa hiyo kichwa cha mbwa huonekana kikubwa na miguu mifupi. Zikipigwa usiku kwa flashi, macho huwaka kijani, kwa kuwa nyuma ya retina ya mbwa kuna utando unaorudisha mwanga. Mchoraji makini huomba nyingine: piga mchana, karibu na dirisha, uchuchumae mpaka ulingane naye. Mbwa akiwa ameshakufa, huomba zote zilizopo na kuzisoma pamoja, hii kwa rangi, ile kwa umbo la taya.

Karatasi huwa nzito, yenye mkwaruzo wa kushika rangi. Kisha hufuata hatua ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya rangi yoyote, mchoraji huchukua kalamu iliyokauka wino na kukandamiza mistari ya sharubu. Penseli ikipita juu, vijifereji hivyo hubaki vyeupe. Sharubu ambazo mtazamaji anadhani zimewekwa mwisho ndizo zilizotangulia.

Pasteli za mafuta hubeba mwili na mandhari. Kampuni ya Sakura ya Japani ilizitoa mwaka 1925, na mwaka 1949 Sennelier wa Paris akatengeneza zilizo laini zaidi kwa ajili ya Picasso. Ni rangi iliyochanganywa na nta na mafuta yasiyokauka. Asubuhi za Julai, baridi ya vilima vya Ngong huzifanya ngumu, na kijiti hupashwa kiganjani kwanza. Zikipakwa nene, penseli huteleza juu yake bila kushika. Ndiyo maana tabaka la chini huwa jembamba, likasuguliwa kwa kidole, na penseli ikafuata. Pale pasteli ilipo nene, unywele mweupe hutolewa kwa kukwangua na ncha ya wembe.

Uso ni wa penseli, tena iliyochongwa kwa kisu hadi ncha iwe ndefu. Mbao inayochongeka bila kupasuka ndiyo iliyoufanya mtarakwa wa nyanda zetu za juu, ambao Wamasai huuita oltarakwai, usakwe na watengenezaji wa penseli. Kila unywele huvutwa kufuata mlalo wake: puani ni mfupi na unarudi nyuma, shavuni unajipinda, shingoni unaanguka. Mlalo ukikosewa, rangi sahihi haiokoi kitu.

Mbwa mweusi ndiye mtihani mkubwa. Mgongoni, mwanga wa anga humtia ubuluu. Chini ya shingo kuna ukahawia. Weusi kamili hutunzwa kwa ajili ya mboni na matundu ya pua. Ndani ya jicho, nukta ya mwanga huachwa wazi tangu mwanzo, kwa kuwa weupe wa karatasi hushinda weupe wa penseli.

Kwa kuwa pasteli haikauki kabisa, picha hufungwa kwenye fremu yenye kioo, kwa nafasi ndogo katikati ili kioo kisiiguse, na hutundikwa mbali na jua.

Ukiagiza, toa picha za kutosha na muda wa kutosha, wala usimshushe mchoraji bei kwa hoja kwamba ni mbwa tu. Sura ya mnyama unayeishi naye unaijua kwa undani, na kosa dogo usoni utaliona mara moja. Mchoraji analijua hilo, na kila siku ya kazi huitumia kuhakikisha hulioni.