Sensa ya Oksijeni Hupimwa kwa Mwendo, si kwa Namba

Nimechoka kusikia fundi akisifiwa kwa sababu "ameizima taa ya injini". Juzi nilionyeshwa Corolla ya miaka ya tisini ambayo mwenyewe aliisifia mpaka jasho likamtoka: kazi ya haraka, bei nafuu, taa haipo. Nikafungua boneti. Plagi ya sensa ya oksijeni ilikuwa imechomolewa na kufungwa kamba ya nailoni pembeni, na nyuma ya dashibodi taa yenyewe ilikuwa imekatwa waya. Gari linanuka petroli hadi barabarani. Huo si ufundi, na anayeusifu anawaharibia mafundi wa kweli.

Naamini tabia hii ina mizizi. Hadi mwanzoni mwa 2006, petroli yenye risasi ilipoondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, sensa nyingi zilikuwa zinauawa na mafuta yenyewe, na mafundi wakazoea kuziona kama pambo la Wajapani. Leo risasi haipo. Udhuru nao haupo.

Fundi anayejijua haanzi na spana. Anaanza na sikio, injini ikiwa ya baridi, akisikiliza gasketi ya manifoldi. Ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inaripoti petroli haitoshi, na kompyuta inaongeza. Sensa ni shahidi. Imesema kweli juu ya ilichokiona, halafu mafundi wanaitupa na kununua nyingine itakayosema yaleyale.

Halafu lipo jambo ambalo mwanagenzi hulikosa kila mara. Anachomeka mita ya dijitali, anaona 0.6, anatangaza: "Volti zipo, sensa nzima." Volti kuwepo si hoja. Sensa nzima haitulii. Kompyuta ikiongeza petroli, inaruka kuelekea 0.9; ikipunguza, inadondoka kuelekea 0.1, inavuka 0.45 kwenda na kurudi, bila kupumzika. Iliyochoka nayo inapanda na kushuka, ndiyo maana inawapita wengi. Ila inapanda kivivu, na habari ikifika kwenye kompyuta imeshapitwa na wakati. Taa inaweza isiwake kabisa. Mwenye gari anaona tu plagi za cheche nyeusi na tangi linaloisha kabla ya wikendi.

Mzee aliyenifundisha kazi pale Ndeeba, Kampala, hakuwa na skana. Alikuwa na kipande cha waya, mita ya mshale yenye kioo kilichopasuka, na saa ya mkononi. Kwenye Toyota za zamani kuna kile kiboksi cheusi cha uchunguzi chini ya boneti: anaunganisha matundu ya TE1 na E1, anaweka mita kati ya VF1 na E1, injini imeshapata moto vizuri. Kijana anashikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa sababu sensa ya waya mmoja, isiyo na hita, hupoa injini ikinguruma tu kama iko kwenye foleni ya Jinja Road, na chini ya digrii 300 hivi haisemi kitu cha kuaminika. Mzee anahesabu kwa midomo, bila sauti. Mshale ucheze mara 8 au zaidi katika sekunde 10. Ukicheza mara tano: "Imechoka, ssebo." Hakuna maelezo mengine.

Wala hakuishia hapo. Alichomoa bomba dogo la vakyumu, akaangalia sensa inashuka. Akapuliza kisafisha kabureta kwenye njia ya hewa, akaangalia inapanda. Ikifuata papo hapo, sensa iachwe, kosa litafutwe kwingine. Ikisita, ndiyo mbovu. Na mita ya mshale hakuiweka kamwe moja kwa moja kwenye waya wa ishara wa sensa, maana inaunyonya umeme ule mdogo na kukupa jibu la uongo. Hapo inatakiwa dijitali.

Matapeli nao wana ustadi wao. Katika duka fulani niliuziwa "mpya" iliyosuguliwa kwa brashi ya waya mpaka inang'aa, ndani ya kasha zuri. Chungulia matundu ya kofia yake: masizi hayatoki humo. Unga mweupe ni silikoni ya gasketi iliyopakwa bila kipimo. Sensa hiyo imekufa, haisafishwi kwa petroli wala kwa sala. Waya nao hausokotwi ukafungwa tepu, wala haulehemiwi, kwani sensa nyingi huvuta hewa yao ya kulinganishia kupitia humohumo kwenye waya. Fundi anayesokota waya wa sensa sitampa hata kazi ya kubadilisha balbu.

Tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza Uganda magari yenye miaka 15 au zaidi, vile viboksi vyeusi vinazidi kupungua Kampala, na vijana wenye skana nzuri hawajui hata vinafunguliwa upande gani. Hizo skana nyingi zina grafu, na grafu inaonyesha mwendo uleule. Wao wanasoma msimbo wa hitilafu, wanafunga.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, kabla hujatoa hela ya sensa, mwambie fundi akuonyeshe inavyocheza, injini ikiwa ya moto, kwenye 2,500. Akikataa, chukua funguo zako uondoke.