Watu Watano, Dakika Tatu

Msimu wa karafuu ukifika Wete, majamvi huanikwa mpaka ukingoni mwa njia. Kijana mmoja alikuwa akichambua makonyo, simu kaitumbukiza kwenye kikombe ili sauti itoke zaidi. Humo anaimba Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zamani. Nikamuuliza nani wanaompigia. Akaitazama simu, akasema: "Hapa pameandikwa Siti tu."

Siti tu hakuwahi kuwepo. Kampuni ya His Master's Voice ilipomrekodi Bombay mwaka 1928, alikuwa na kundi lake, na katika kundi hilo majina ni Maalim Shaaban, Mbaruku, Subeti bin Ambari na Budda bin Mwendo. Yeyote kati yao angeweza kukaa mbele ya watu peke yake na baraza ikajaa. Huko Ulaya, nyota wa rock wakikusanyika hivyo katika kundi moja hupewa jina kubwa, na albamu zao zikisafishwa upya mashabiki huzinunua tena, sanduku zima, na kijitabu chenye jina la kila aliyegusa chombo.

Sahani ya santuri ilichukua dakika tatu hivi kila upande. Fikirini: watu waliozoea kukesha na wimbo, msikilizaji akitaka ubeti urudiwe unarudiwa, leo wanaambiwa wamalize kabla sindano haijafika kwenye karatasi ya katikati. Basi wakapunguza. Vyombo vinafungua kidogo, sauti inaingia, udi unamjibu na kunyamaza. Wanapokezana kama watu wanaopokezana jeneza: bega linatoka, bega linaingia, na mwendo haukatiki. Ndani ya nafasi hiyo finyu waliweza kutia hata kesi ya mauaji, kama katika wimbo wa Kijiti, na hakimu akapata haki yake humo humo. Taarabu ya siku hizi huchukua robo saa kumsema jirani, na kinanda kimoja kikajifanya fidla zote.

Babu yangu alikuwa na santuri aliyoinunua kwa pesa za karafuu. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kutia ufunguo. Alifuta sahani kwa kipande cha kanga kuukuu, akabadilisha sindano, akakaa. Na kabla sauti haijatoka alitaja waliomo, mmoja mmoja, kama anayewakaribisha ndani. Aliyeingia katikati ya wimbo alisimama mlangoni mpaka upande uishe. Sikumbuki kumwona akizungumza sahani inapozunguka, na alikuwa msemaji, Mungu amrehemu. Msimu mmoja karafuu hazikuzaa, santuri ikauzwa. Sahani zilibaki uvunguni, zikavunjika moja moja kwa fagio na kwa paka.

Na zilikuwa nyingi. Inatajwa kwamba kufikia 1931 sahani za Siti na wenzake takriban 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Bi Siti alifariki 1950. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Baada ya hapo kazi ya kuokoa sauti hizo za kale imefanywa zaidi na wageni. Buda Musique ya Ufaransa ilianza mfululizo wa Zanzibara mwaka 2005 kwa nyimbo za Ikhwani Safaa, klabu iliyokuwa imetimiza miaka 100. Topic ya Uingereza ikatoa mwaka 2007 mkusanyo wa muziki wa Waswahili wa miaka ya 1920 hadi 1950, kutoka hazina ya British Library. Nawashukuru kwa dhati: majina wameyaandika, mikwaruzo wameipunguza bila kuua sauti.

Sisi ndio tuliozitia nyimbo kwenye simu na kuyafuta majina hayo. Mtu ananakili nyimbo mia kwa dakika moja, anampa mwenzake, naye anampa wa tatu, na kila mkono unapunguza jina. Kwanza aliondoka Subeti, akafuata Budda. Nilimtajia yule kijana wote wanne. Akaitikia kwa adabu, "Naam, mzee," akaruka kwenda wimbo mwingine kabla Mbaruku hajamaliza.