Ufundi wa Kuuliza

Swali la kiufundi ninaloliheshimu kuliko yote liliulizwa kwa simu, miaka ya 1990, katika chuo kikuu kimoja cha North Carolina, Marekani. Mkuu wa idara ya takwimu alimpigia Trey Harris, aliyekuwa akisimamia barua pepe za chuo, akamwambia kwamba idara yake haiwezi kutuma barua pepe mahali palipo mbali zaidi ya maili 500. Harris alijua jambo hilo haliwezekani, kwani barua pepe haipimi umbali. Lakini mkuu yule alikuwa na data mkononi. Tatizo lilikuwa limeanza siku kadhaa nyuma, na hakupiga simu mapema kwa sababu walikuwa bado hawajakusanya taarifa za kutosha. Wanatakwimu wake walikuwa wamekwisha kuchora ramani: ndani ya umbali wa maili 500 na kitu barua zilifika, ingawa si kila mahali wala si kila mara, nje ya umbali huo haikufika hata moja.

Harris akajaribu mwenyewe. Atlanta, ikafika. Princeton, maili 400, ikafika. Memphis, maili 600, ikagoma. New York ikafika, Providence ikagoma. Akamwandikia rafiki anayeishi hapohapo North Carolina, ila seva ya barua zake ilikuwa Seattle, upande wa pili wa nchi. Ikagoma. Hapo akaufuata uzi mpaka mwisho. Mtaalamu wa nje alikuwa amesasisha mfumo endeshi wa seva, na bila kukusudia akairudisha programu ya barua, Sendmail, kutoka toleo la 8 hadi la 5. Faili la mipangilio likabaki lile la toleo jipya. Programu ya zamani haikuyaelewa baadhi ya maagizo yake, ikayaruka, na muda wa kuisubiri seva ya mbali ukawa sifuri. Kwa mashine ile, sifuri ilimaanisha kukata mawasiliano baada ya milisekunde 3 hivi. Ishara ya mtandao haiwezi kuupita mwanga, na katika milisekunde 3 mwanga husafiri maili 558, karibu kilomita 900.

Harris alikisimulia kisa hicho hadharani mwaka 2002, na alieleza kuwa vijimambo vidogo amevigeuza ili kinoge. Wanaokipenda wengi hukipendea mwanga. Mimi hukipendea wale wanatakwimu. Walieleza walichokiona, kinatokea wapi, hakitokei wapi, kilianza lini. Zaidi ya hayo, waliipeleka habari yao kama ilivyo, ingawa ilisikika kama upuuzi. Hapo ndipo waulizaji wengi wanaposhindwa: huona jambo lisiloingia akilini, wakalinyoosha kidogo lipate kukubalika, na wanapolinyoosha hupotea ile alama ambayo ingemfikisha msikilizaji kwenye chanzo. Kama mkuu yule angesema tu kwamba barua pepe zinasumbua, Harris angeanzia gizani.

Simon Tatham, Mwingereza aliyeunda programu ya PuTTY, aliandika mwaka 1999 mwongozo wa kuripoti hitilafu ambao bado unasomwa. Anasisitiza kutenga yale uliyoyaona na yale unayoyadhani. Dhana haikatazwi, mradi isivae nguo za ushahidi.

Kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya vijana wetu wanaojifunza kuandika programu, ombi huja hivi: “Wadau, naombeni msaada, malipo yanagoma.” Chini yake pana picha ya skrini ya kompyuta, imepigwa kwa simu, kwa pembe, taa imemulika katikati. Picha hiyo inakula bando la anayetaka kusaidia, na maneno yaliyomo hayanakiliki wala hayatafutiki. Sasa soma ombi hili: “Naunganisha duka langu la mtandaoni na malipo ya simu. Mteja anaweka namba ya siri, pesa zinakatwa, anapata ujumbe wa uthibitisho. Nilitegemea seva yangu ipokee taarifa ya malipo, lakini haipokei kitu. Anwani niliyoisajili ni 192.168.1.5.” Mzoefu hahitaji kuuliza la pili. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, ya nyumbani au ofisini. Aliye nje kwenye intaneti hawezi kuzifikia. Na naamini mwandishi wa ombi la namna hiyo mara nyingi hulifuta kabla ya kulituma, maana akiandika sentensi ya mwisho jibu huwa limeshamkodolea macho.

Sehemu ninayoistaajabia zaidi katika ufundi huu haionekani kwa msomaji, nayo ni kupunguza. Muulizaji stadi ana programu ya mistari 1,000 yenye kosa. Hufuta nusu, akajaribu. Kosa lingali lipo? Hufuta nusu ya iliyobaki. Limetoweka? Hurudisha aliyoifuta, akafuta ile nyingine. Ni kuchagua mchele kinyumenyume: unaondoa mchele mpaka kibaki kijiwe peke yake. Ukikata nusu kwa nusu, mistari 1,000 huisha kwa hatua 10 hivi, ingawa programu halisi hukaidi, kwa kuwa sehemu zake zinategemeana, na hapo mtu hutumia jioni nzima. Wanaotunza kiini cha Linux huifanya kazi hiyohiyo juu ya historia ya programu kwa amri ya git bisect: kati ya toleo zima na toleo bovu hata yakiwamo mabadiliko 1,000, majaribio 10 hivi humwonyesha mtu badiliko lililoharibu. Mtu akileta ombi lenye mistari 12 inayozaa kosa kila inapoendeshwa, pamoja na toleo la programu na ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, jua ametoka kazini. Funguo za siri na namba za simu za wateja ameshaziondoa pia.

Ombi la namna hiyo linastahili jibu la haraka, na kwa kawaida hulipata. Nawe ukisaidiwa, usiishie kwenye “imekubali, asanteni.” Andika chanzo kilikuwa nini na ulibadilisha mstari upi, kwa kuwa yupo mwingine atakayeutafuta ujumbe uleule wa hitilafu.