Kanuni za Fumbo la Kivuko: Uhakiki wa Dhana ya Jibu Moja kwa Kurejelea Wilaya za Tarime na Serengeti

Utangulizi

Mtu ana chui, mbuzi na majani. Anataka kuvuka mto kwa mtumbwi unaombeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Avukeje? Chemshabongo hii inafahamika kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili, na ndugu yake wa Ulaya, mwenye mbwamwitu, mbuzi na kabichi, yumo katika mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin, mwanazuoni aliyefariki mwaka 804. Katika uchambuzi wa fasihi simulizi, fumbo la namna hii huelekea kuandikwa kwa sehemu mbili tu: swali na jibu. Uhakiki huu unapinga mazoea hayo. Unadai kwamba mabishano kuhusu kanuni ni sehemu ya matini yenyewe, na unalipima dai hilo kwa muktadha wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara.

Udhaifu wa dhana ya jibu moja

Jibu lililozoeleka ni hili: mbuzi huvushwa kwanza, msafiri hurudi peke yake na kumvusha chui, hurudi na mbuzi, humwacha na kuvusha majani, kisha hurudi peke yake kumchukua mbuzi. Mtumbwi huvuka mara 7. Hata hivyo, majani yakimtangulia chui, idadi hubaki ileile na hakuna kinacholiwa. Kwa hiyo, hata chini ya kanuni kali, majibu ni mawili. Lililo zito zaidi ni kwamba yote mawili yanategemea kanuni ambazo swali halizitaji: hakuna kamba ya kumfungia mbuzi, chui hamdhuru msafiri, na hakuna mtu mwingine ukingoni.

Simulizi ya Waila wa Zambia, iliyojadiliwa na mwanahisabati Marcia Ascher, inaukuza ugumu huu. Humo mizigo ni minne: chui, mbuzi, panya na kikapu cha nafaka. Iwapo chombo kinabeba mzigo mmoja tu pamoja na msafiri, na panya naye hula nafaka, hakuna mpangilio unaookoa vyote, kwani kila kinachochukuliwa kwanza huacha nyuma mlaji na chakula chake. Msafiri hakubali kupoteza chochote, hivyo anaiacha safari. Msomaji anayetafuta mpangilio wa hatua ataliona jibu hilo kuwa ukwepaji. Kimantiki, hata hivyo, linakiri kwamba masharti hayatimiziki, na kimaadili linatamka kipi kina thamani zaidi.

Muktadha wa Mto Mara

Mto Mara, baada ya kutoka katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hupita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti kuelekea Ziwa Victoria. Katika eneo hili la wakulima na wafugaji, wakiwamo Wakurya na Wangoreme, mto, chui na mbuzi si alama tupu za hesabu. Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alichunguza wizi wa ng'ombe miongoni mwa Wakurya wa Tarime na jinsi ulivyofungamana na biashara ya kuvuka mpaka wa Kenya. Katika mazingira kama hayo, sharti la kumwacha mbuzi ukingoni bila mlinzi ndilo lililo zito kuliko yote, ilhali fumbo hulipitisha kimya. Swali "Nani anamlinda?" linafichua kanuni iliyofichwa.

Si kila pingamizi lina uzito sawa. Lipo linalodai kanuni itajwe, kama swali la kamba au la mlinzi. Lipo linalokataa msingi wa kisa, kama vile kuuliza mtu amepataje kumfuga chui. Lipo pia linalopima thamani, kama uamuzi wa msafiri wa Waila. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni kimoja: pingamizi ni halali kifani iwapo, baada ya kujibiwa, fumbo linabaki fumbo lakini kanuni zake zimekuwa wazi zaidi. Pingamizi linalolifuta fumbo lote ni la kuandikwa pia, ila kama kauli ya hadhira juu ya msimulizi.

Athari kwa nadharia na upimaji

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anaiona fasihi hiyo kuwa tukio linalotawaliwa na fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Mafumbo anayaweka katika semi. Wachambuzi wanaoufuata uainishaji huo na kuusahau msingi wake huikata hadhira katika utanzu unaoitegemea kuliko nyingi nyingine.

Madhara yake hayaishii kwenye uainishaji. A. R. Luria, aliyefanya utafiti Uzbekistan mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliwauliza wakulima maswali ya mantiki kuhusu dubu wa nchi za theluji. Baadhi walikataa kuhitimisha juu ya mahali wasipopaona, naye akalichukua hilo kuwa dalili ya fikra iliyofungwa na uzoefu. Hata hivyo, kukataa huko kunaweza kusomwa kama hoja juu ya ushahidi: neno la muulizaji pekee linatosha? Mkusanyaji wa mafumbo Tarime au Mugumu anayefuta mabishano na kubakiza jibu anaweza kurudia hukumu ileile bila kuitamka.

Kwa hiyo, unukuzi wa fumbo unapaswa kuonyesha swali, majibu yote, mapingamizi, kanuni zilizoongezwa na aliyeziamua. Mtahini naye hana budi kumpima mtahiniwa kwa uwezo wake wa kuonyesha kanuni ambayo kila jibu limeisimamia. Jibu lisiloandamana na kanuni zake ni nusu ya matini.