Sifa za Mlisha Mbwa

Katika kazi za nyumbani zisizosifiwa na mtu, naiweka juu kabisa ile ya kumlisha mtoto wa mbwa anayechagua chakula. Mpishi wa harusi husifiwa, na mkamuaji hodari hujulikana kijiji kizima. Lakini anayeamka asubuhi ya Julai pale Sumbawanga, baridi ikiuma vidole, akabandika kisufuria cha dona na dagaa kwa ajili ya kijibwa kilichosusa tangu juzi, huyo huambiwa hana kazi ya kufanya. Mbwa naye wa kubembelezwa? Si atakula njaa ikimbana! Nimeyasikia hayo mara nyingi na siyakubali. Kumlea mbwa mchanga kwa bakuli mpaka awe mbwa wa kutegemewa ni ufundi kamili, na wanaoujua wanastahili heshima yao.

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya juu. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Magharibi ardhi inashuka kwenda Ziwa Tanganyika. Mashariki inakatika kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake kuna joto la bonde la Ziwa Rukwa. Watu wa juu wanalima mahindi, ulezi na maharage, wanafuga ng'ombe na mbuzi, na karibu kila boma lina mbwa. Mbwa huyo hafugwi kwa mapambo. Usiku analinda zizi, msimu wa mavuno anafukuza ngedere shambani, na mjini ndiye anayemwamsha mwenye duka kabla mwizi hajafika kwenye kufuli. Chakula chake ni kile kile cha nyumba: ugali, ukoko wa sufuria, maji ya maharage, na vichwa vya samaki siku zikiwa nzuri.

Kwamba anaweza kuishi kwa ugali si jambo dogo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, wakiongozwa na Erik Axelsson, walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwamwitu wa Ulaya na Asia, wale ambao mbwa ni ndugu yao wa karibu. Waligundua kwamba mbwa ana nakala nyingi za kinasaba kinachosaidia kusaga wanga, mwenzake wa porini akiwa na mbili tu. Maelfu ya miaka ya kukaa na binadamu wakulima yamembadilisha mpaka ndani ya tumbo. Kwa hiyo mbwa wa Ufipa anapokula ugali anakula chakula chake halali. Lakini kuweza kusaga kitu si kukipenda, na hapo ndipo kazi ya mlishaji inapoanzia.

Mbwa hachagui kwa ulimi kama sisi. Ulimi wake una vionjio vipatavyo 1,700, wakati wa kwetu una takriban 9,000. Anachagua kwa pua. Chakula kisichonukia kwake ni kama hakipo. Sasa fikiria ugali uliowekwa nje saa moja usiku mwezi wa sita, upepo unavuma kutoka milima ya Mbizi. Dakika chache tu umeshapoa ukawa jiwe, na harufu imekufa. Kijibwa kinakuja, kinanusa, kinageuka. Mwenye nyumba anasema kinaringa. Hakiringi: hakijanusa chochote cha kula.

Mlishaji mwenye pupa husikia hayo akakimbilia upande wa pili, akatenga ugali umetoka jikoni sasa hivi. Hilo ni kosa baya zaidi. Ugali hudanganya. Juu umepoa, ndani unawaka. Mtoto wa mbwa anaumega kwa haraka, unamnasa kwenye kaakaa, unamuunguza, na hana mkono wa kuutolea. Akishaungua hivyo, analiogopa bakuli lenyewe. Utamwona analikaribia kwa kunyata, shingo ndefu, miguu ya nyuma tayari kurudi, na watu wanacheka. Ukimwona hivyo, usitafute chakula kingine. Tafuta aliyemuunguza.

Nimewahi kukaa uani kwa mama mmoja wa Chanji nikimtazama anavyofanya. Dagaa aliwaloweka tangu mchana. Aliwasugua taratibu katikati ya viganja, akamwaga maji, akaweka mengine, akasugua tena, na kila mara aliyageuza maji kuelekea mwanga kuona kama bado kuna mchanga chini. Dagaa wa Tanganyika wanaopanda kutoka Kasanga kupitia Matai wengi huanikwa ufukweni, na mchanga hujificha kwenye matumbo yao. Mtu mzima anautema. Mtoto wa mbwa, meno yake ya kwanza yakiwa membamba kama sindano, akishausaga mara mbili anaacha. Mama yule aliwachemsha dagaa bila chumvi, akawasonga pamoja na unga kidogo, ukawa ugali laini, karibu na uji. Akaueneza kwenye sahani pana ili upoe sawasawa, akauvunja kwa vidole, kisha akaugusa kwa upande wa ndani wa kiwiko, vile vile apimavyo uji wa mtoto. Hapo ndipo alipoita mbwa.

Kuna jambo jingine alilolifanya mapema ambalo wageni hawalitambui. Kabla ya kukaanga vitunguu vya mboga ya nyumbani, alichota supu ya mbwa pembeni. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mchuzi wa jana tunaommwagia kwa ukarimu mara nyingi umejaa hivyo vitu. Simwamini mtu anayejiita mpenda mbwa ambaye hajui kuchota supu kabla ya kitunguu.

Na unga je? Hapa ninasema kwa uchungu. Iko desturi, Rukwa na kwingineko, kwamba mahindi yaliyoota ukungu ghalani hayaliwi na watu, kwa hiyo yasagwe apewe mbwa, au apewe pumba zake. Ukungu wa namna hiyo huleta sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125. Mbwa huumizwa nayo upesi mno, ini ndilo linaloharibika, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Tena pumba ndiko inakojikusanya zaidi. Mtoto wa mbwa anayesusa ugali wa unga wenye fundo na harufu ya uvundo ana akili kuliko anayemlazimisha. Unga usioufaa mdomo wa mwenye nyumba haulifai bakuli la mbwa.

Wako wanaosusa kwa sababu ya walikotoka. Watoto wa mbwa wengi huku huchukuliwa kwa mama zao mapema mno, wiki ya nne au ya tano, kabla hawajajifunza kula. Mwingine amezaliwa bondeni, tuseme Muze, mama yake akila vichwa vya samaki wa Rukwa, kisha anapandishwa mjini kwenye kikapu na kutengewa ugali wa ulezi na maji ya maharage. Kwake hiyo ni dunia ngeni. Deborah Wells na Peter Hepper wa Belfast walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa mbwa hujifunza harufu ya chakula cha mama yao wakiwa bado tumboni, na huifuata baada ya kuzaliwa. Mafundi wa kulisha hawakuhitaji kuisoma habari hiyo. Wanapochukua mbwa mchanga huuliza kwanza: mama yake anakula nini? Kisha wanaanza na hicho hicho, na kila siku wanapunguza kidogo na kuongeza chakula cha nyumba mpya, mpaka juma likiisha amevuka bila kujua kwamba amevushwa.

Sasa tuje kwenye sehemu inayowashinda wengi, nayo ni kunyamaza. Chakula kikishakuwa safi, laini na vuguvugu, kitenge mahali pamoja, saa ile ile, kisha ondoka. Usimchuchumalie. Usimsemeshe. Usimtie tonge mdomoni. Baada ya robo saa au dakika 20 ondoa bakuli, lililoliwa na lisiloliwa, na katikati asipewe kitu ila maji. Watu humkumbuka Mrusi Ivan Pavlov kwa kengele, lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1904 alipewa kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, na humo alionyesha kwamba mbwa anayekula kwa hamu hutoa majimaji ya tumboni hata kabla chakula hakijafika tumboni. Saa isiyobadilika huliandaa tumbo. Kubembeleza hulivuruga, kwa sababu mbwa ni mwepesi kujifunza: akisusa ugali akaletewa maini, kesho atasusa tena, na kesho kutwa atataka maini yenye mafuta. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu hukua upesi kuliko wa binadamu.

Robo saa hiyo ni ngumu. Watoto wa nyumba wanamwonea huruma, wanampenyezea andazi chini ya meza. Bibi anasema mbwa atakufa. Na kweli kuna mpaka: mbwa wa chini ya miezi mitatu haachwi na njaa kutwa nzima, maana sukari mwilini mwake huisha haraka akalegea. Huyo hulishwa kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Msimamo ni wa mbwa aliyenawiri, anayecheza, anayekimbia na kiatu cha mtu.

Ndiyo maana fundi hatazami bakuli peke yake. Anamtazama aliyesusa. Anainua mdomo wa juu aone ufizi: wa waridi, sawa; mweupe, kuna minyoo au kupe wamemnyonya, na hapo anaitwa mtaalamu wa mifugo. Anatazama tumbo kama limevimba kama ngoma huku mbavu zikihesabika. Anatazama umri. Kati ya mwezi wa nne na wa sita meno 28 ya utotoni yanang'oka na 42 ya utu uzima yanaota, na mwenye ufizi unaouma anataka chakula laini, hadeki. Mbwa akitapika na kuharisha damu, mlishaji asisubiri kesho. Baada ya miezi sita hamu hupungua kwa sababu tu kukua kumepungua, na wengi hapo ndipo wanapoanza kumharibu kwa vitamu, wakidhani anaumwa.

Na ipo hali moja ambayo kila mlishaji wa Tanzania lazima aijue. Mbwa anayelijia bakuli akashindwa kumeza, mate yakamtiririka, taya likalegea, watu hudhani amekwamwa na mfupa. Mtu anatia mkono kooni autoe. Huenda hicho ni kichaa cha mbwa, na mate hayo ndiyo yanayokibeba. Usitie mkono. Mfungie mahali, mwite mtaalamu, na kama mate yamekugusa kwenye kidonda au ameshakuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Wasomaji wa pwani, ambako mbwa hakai ndani, watakumbuka hadithi ya Kiislamu ya mtu aliyeshuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Hakuwa mfugaji. Alimtazama mnyama, akaelewa anachotaka, akahangaika kukipata. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inalisema jambo hilo kwa lugha ya wanasheria, lakini kazi ni ile ile. Nami naona ufundi huu unapopungua nyumbani, si mbwa tu anayekonda. Watu wenyewe wanapoteza uzoefu wa kusoma kiumbe asiyesema.

Wenye ufundi huu wengi ni mama wa nyumbani, dada wa kazi, vijana wa kuchunga na walinzi wa usiku. Huambiwa mbwa halindi vizuri, mbwa mkondefu, mbwa mkali kwa watoto, lakini hawapewi sufuria wala senti ya chakula chake. Wanatunza kiumbe kwa mabaki na kwa macho yao. Basi wewe mwenye nyumba, utakapokwenda sokoni, nunua fungu la dagaa liwe la mbwa, na kisufuria chake kisichoazimwa. Akifikisha miezi mitatu mpeleke kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Na yule anayemlisha, mshukuru kwa jina lake mbele ya watu.