Hongera, Wanawake wa Njia ya Rwenzori

Ukipita Bugoye asubuhi kuelekea Nyakalengija, langoni mwa milima ya Rwenzori nchini Uganda, utakuta wapagazi wakipima mizigo. Miongoni mwao wamo wanawake wa kabila la Bakonzo, na hao ndio ninaowavulia kofia.

Tangu Mwitaliano Duke wa Abruzzi afike kilele cha Margherita, mita 5,109, mwaka 1906, mlima huu ulihesabiwa kuwa wa wanaume. Mwaka 1987 wenyeji walianzisha shirika la Rwenzori Mountaineering Services na kazi ya upagazi ikapata utaratibu. Wanawake wakaingia, polepole mno kwa maoni yangu.

Mwanamke aliyezoea kupanda mteremko na kikapu cha mihogo mgongoni ana mapafu na magoti ya kazi hii. Alichokosa ni ruhusa. Sasa anavuka kinamasi cha Bigo kwa gambuti, matope yakimfika gotini, na mwenzake aliye mbele anageuka kumpa mkono. Urafiki wa huko hauna adabu za sebuleni: mnagawana ugali, mnakaushana soksi motoni, mnasemezana usiku kucha kwa sababu baridi imefukuza usingizi. Mambo ya ndoa, karo na hofu, yaliyofichwa kijijini, yanasemwa huko.

Na wageni wa kike wanaokuja kutafuta nguvu zao wenyewe hukuta aliyewatangulia: mama wa Bugoye, mzigo mgongoni, akiwaambia, “Pole pole, dada, tutafika.” Hongereni sana, akina mama. Malipo yenu na yalingane na ya wanaume, na vyeti vya uongozaji viwafikie mapema.